Ngao ya Kelaskar

Jumatatu, 9 Juni

Mvua imeingia mjini Sangli leo mchana, nami nimehamia chumba changu kipya juu ya kinu cha unga, nyuma ya soko la bizari ya manjano. Mashine ikiwashwa kule chini ubao unatetemeka na chaki inaruka. Harufu ya ngano ya moto inapanda ngazi. Ni sawa. Nimefundisha mahali pazuri zaidi na sikupata shukrani.

Niandike mara moja nisiwe narudia. Miaka kumi na moja nimefundisha hisabati kwa Jayant Kelaskar. Mabango yote pale kituo cha mabasi, yale yenye sura za vijana waliofaulu kuingia vyuo vikubwa vya biashara, sura zile nilizifundisha mimi. Chini ya kila sura limeandikwa jina lake yeye. Mwezi wa tano mwanawe Tanmay alirudi kutoka Mumbai na miwani mipya, na siku hiyohiyo fundi akaja kubandua jina langu mlangoni na kuweka la Tanmay.

Nikaingia ofisini kuuliza. Kelaskar akaweka kikombe chini, akasema kwa ile sauti yake ya huruma, "Sumedha binti yangu, usinune. Wewe ni mashine nzuri sana. Lakini tangu lini mashine ikadai jina lake liandikwe mlangoni?"

Makarani wakacheka. Tanmay alicheka mpaka chai ikampalia.

Sitakwenda mahakamani, wala silii. Kila Agosti Kelaskar hufanya shindano la wazi katika ukumbi wa mji, na huwaalika hata wanafunzi wa madarasa mengine ili awaone walio bora na kuwavuta kwake. Mshindi hupewa ngao ya fedha. Haijawahi kutoka nje ya nyumba yake. Mwaka huu itatoka, na atainyanyua kwa mikono yake mwenyewe kumkabidhi mwanafunzi wangu, wazazi wa mji mzima wakiangalia.

Jumanne, 10 Juni

Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja watano, wote wakiwa wamekataliwa kwa Kelaskar. Wawili wanaonekana wamekuja kujikinga mvua tu.

Mmoja ni jitu linaitwa Bhalchandra Mhaske, ambalo kila mtu huliita Bhalu, yaani dubu. Asubuhi hugawa maziwa kwa baiskeli, na viatu vyake vinalia maji akitembea. Nikamuuliza kwa nini walimkataa. "Walisema mimi ni mzito, Mwalimu." Akafikiri kidogo. "Sikuwabishia."

Mwingine ni msichana, Revati Shinkar, mwembamba, anayekaa kama mtu anayengoja basi. Yeye alikataliwa kwa kushindwa ada. Nilimpa swali gumu la kwanza ili nimtikise. Alilijibu kabla sijageuka kutoka ubaoni.

Huyu ndiye kisu changu.

Alhamisi, 19 Juni

Mama ameniuliza, huku akimenya vitunguu saumu, hivi hasa ninawafundisha nini watu wazima hao.

Nikamwambia: "Chukua wanawake wawili wanaopika mikate ya mtama kwa ajili ya harusi. Wakifanya kazi pamoja wanamaliza kwa saa nne. Swali: wa kwanza peke yake angemaliza kwa saa ngapi?"

"Nitajuaje? Hujanieleza ana mikono ya namna gani."

"Ndiyo hivyo, mama. Kwa hiyo mtihani wa kuingia vyuo unakupa taarifa mbili. Ya kwanza: huyo wa kwanza ana kasi mara mbili ya mwenzake. Ya pili: mwenzake peke yake angechukua saa kumi na mbili. Hawakuulizi jibu. Wanakuuliza taarifa ipi inatosha kulipata. Ya kwanza peke yake? Ya pili peke yake? Mpaka uziunganishe? Au hata zote mbili hazitoshi?"

Mama akaendelea kumenya. Baada ya muda akasema, "Kila moja inatosha yenyewe. Ukinipa moja tu, ya pili ni umbea."

Mama yangu aliishia darasa la sita. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Jumamosi, 21 Juni

Nimewapa darasani swali lilelile la mikate. Revati: "Kila moja peke yake." Bhalu: "Zote mbili pamoja, Mwalimu."

"Kwa nini zote mbili?"

"Mtu akikupa vitu viwili, ukatumia kimoja, si utakuwa umemdharau?"

Wenzake waliangua kicheko mpaka mwenye kinu akagonga dari kwa fimbo.

Jumanne, 1 Julai

Mvua. Kazi za pamoja. Mabomba mawili yanajaza tangi, moja linavuja.

Jumatano, 2 Julai

Mvua. Mabomba.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekutana na Kelaskar kwenye duka la bhadang, zile bisi za mchele zenye pilipili. Alikuwa ananunua mifuko mikubwa, kwa ajili ya wageni bila shaka.

"Sumedha binti yangu! Nasikia umefungua darasa kinuni. Unasaga nini huko, ngano au watoto?"

"Ninasaga taratibu, Mwalimu. Agosti utaonja."

Muuza duka akatazama pembeni. Kelaskar akacheka na kunigusa kichwa kama anavyogusa watoto wa wateja. Nimerudi nyumbani nikaosha nywele.

Alhamisi, 10 Julai

Revati anakuwa hatari. Nimempa maswali ishirini ya kazi za pamoja, amekosa moja, na lile alilokosa alinirudia nalo kabla sijafunga mlango. Nikamzidishia. Anakuja saa moja kabla ya wenzake na kuondoka wa mwisho. Leo alisinzia mezani, nikapiga ubao kwa rula.

"Ukisinzia, Tanmay yuko macho," nikamwambia.

Akashika kalamu.

Mama jioni: "Unafundisha, au unanoa kisu?"

"Kuna tofauti gani, mradi kinakata?"

Jumatatu, 14 Julai

Paa linavuja juu ya kiti cha Bhalu. Amesogeza kiti bila kulalamika, akaweka sufuria yake ya maziwa ichukue maji.

Alhamisi, 24 Julai

Sijui nianze wapi. Kinu kimezimwa, nami bado niko darasani.

Revati hakuja asubuhi. Alikuja saa tisa, mwavuli mpya mkononi, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Nikajua.

"Mwalimu, naondoka. Mwalimu Kelaskar amenipa nafasi bila ada. Na kitanda kwenye hosteli ya wasichana. Nyumbani tunalala sita chumba kimoja, siwezi kusoma."

"Alikukataa mwezi wa sita."

"Najua."

"Alikukataa kwa sababu huna kitu! Mimi ndiye niliyekufanya uwe mtu wa kutakiwa. Anakuvuta ili nisikushike mimi, huelewi?"

"Naelewa." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Lakini Mwalimu, hata wewe hunifundishi mimi. Tangu siku ya kwanza unamfundisha yeye. Kila ukinitazama unamwona yeye. Mimi nataka kuingia chuo tu."

Nikamwambia atajuta. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Bhalu alikuwa amekaa palepale na sufuria yake, akitazama sakafu.

Revati akainama akanigusa miguu, kama wanafunzi wanavyoaga walimu wao. Nikairudisha miguu nyuma.

Sasa nina wawili wa kulipizia kisasi.

Ijumaa, 25 Julai

Sikufundisha.

Jumamosi, 26 Julai

Wamebaki wanne. Watatu hawafai kitu. Nimemwita Bhalu mbele.

"Utashindana wewe."

"Mimi, Mwalimu? Lakini mimi ni mzito."

"Kitu kizito kikiangukia mtu, anaumia."

Alitabasamu, akadhani ni mzaha.

Jumatano, 30 Julai

Nilimdharau bure huyu dubu. Hana haraka, lakini swali akilishika haliachii. Nikimwambia amekosa hanuni wala haombi radhi, anarudi mwanzo kama mtu aliyepitiliza nyumba ya mteja, anageuza baiskeli. Wiki hii ameacha kusema "zote mbili" kwa kila kitu. Anasema hivyo mara moja moja tu, akichoka.

Huleta nusu lita ya maziwa kila siku na kuchemsha chai ya darasa zima. Nikimwambia aache, anasema, "Chai ya mvua haipikwi kwa maji, Mwalimu."

Nampenda kidogo. Sina nafasi ya kumpenda mtu sasa hivi.

Jumatano, 6 Agosti

Mto Krishna unapanda. Redio inataja kimo chake pale darajani kila saa, na watu wa mitaa ya chini wameanza kupandisha magodoro. Wanasema shindano huenda likaahirishwa. Nimemkasirikia mto kama vile ni jamaa yake Kelaskar.

Ijumaa, 8 Agosti

Maji yamesimama. Halitaahirishwa.

Jumapili, 10 Agosti

Ukumbi ulijaa. Wazazi walikuwa wamelowa, watoto wamekaa magotini, miavuli inatiririka kando ya ukuta. Kelaskar alivaa kanzu nyeupe na kufungua kwa hotuba ya kumsifu mwanawe. Mimi nilikaa safu ya tatu, pembeni, karibu na feni iliyoharibika.

Asubuhi walifanya mtihani wa karatasi. Wawili wa juu ndio hupanda jukwaani. Karani aliposoma majina, nilijua la kwanza kabla hajatamka: Revati Shinkar, Darasa la Kelaskar. La pili alilisoma mara mbili, akidhani ameandikiwa vibaya: Bhalchandra Mhaske, darasa la kinuni. Mtu nyuma yangu akauliza kama kinu nacho kimeanza kufundisha.

Jukwaani kila mmoja alipewa kibao na chaki. Tanmay anasoma swali, wanaandika, wananyanyua. Revati alikuwa mbele, kisha akateleza kwenye swali la mabomba. Bhalu akamfikia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni kama yuko juani. Wakafika swali la mwisho wakiwa sawa.

Tanmay akasoma: "Raghu na Sopan wakipaka rangi shule pamoja humaliza kwa siku sita. Raghu peke yake angemaliza kwa siku ngapi? Taarifa ya kwanza: Sopan peke yake huchukua siku tano zaidi ya Raghu. Taarifa ya pili: Raghu peke yake huchukua zaidi ya siku saba."

Nililiona hapohapo. Ukiiandika taarifa ya kwanza kama mlinganyo, unapata majibu mawili: kumi, na hasi tatu. Asiyejali huona majibu mawili akasema haitoshi, tunahitaji ya pili ituchagulie. Lakini hakuna binadamu anayepaka rangi kwa siku hasi tatu. Hasi tatu ni takataka, unaitupa. Raghu ni siku kumi. Taarifa ya kwanza inatosha peke yake. Ya pili ni umbea.

Wakanyanyua vibao. Revati: ya kwanza peke yake. Bhalu: zote mbili pamoja. Alikuwa amechoka.

Nikajua tumeshindwa. Halafu Tanmay akasema, "Jibu sahihi ni zote mbili pamoja! Mlinganyo wa kwanza una majibu mawili, kwa hiyo hautoshi. Mhaske ameshinda!"

Revati akasogea mbele. "Mwalimu Tanmay, lakini jibu moja ni hasi..."

"Dada, hapa hatubishani, tunajibu," akasema Tanmay, na watu wakacheka kwa sababu alisema kwenye kipaza sauti na Revati hakuwa nacho.

Nilimwona Kelaskar akimtazama msichana, kisha mwanawe, kisha msichana. Yeye si mtu wa hisabati, lakini ni mtu wa biashara, na pua yake ilinusa kitu. Msichana akiwa sahihi, ngao inabaki nyumbani. Msichana akiwa sahihi, mwanawe ni mjinga mbele ya mji. Akachagua mwana. Akakohoa, akasema kama kanuni inavyotaka, "Kuna mwalimu yeyote mwenye pingamizi?"

Ukumbi mzima, walimu walikuwa labda wanane. Wengine walikuwa wanatafuta viatu vyao. Revati hakuwatazama hao. Alinitazama mimi, moja kwa moja, kibao bado kimenyanyuliwa.

Ningesimama, Tanmay angezikwa palepale. Nilikuwa na shoka mkononi. Lakini ningesimama, ngao ingekwenda kwa Kelaskar kupitia mikono ya yule aliyeniacha. Nikaona miguu yangu ikirudi nyuma tena mbele ya mikono yake, na mwavuli wake mpya, na kitanda chake cha hosteli.

Nilikaa.

"Hakuna," akasema Kelaskar. Revati akateremsha kibao taratibu.

Kelaskar akanyanyua ngao kwa mikono yake miwili na kumpa Bhalu. Uso wake ulikuwa kama mtu anayemeza dawa. Nilisimama nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Utamu wake sitausahau. Ulikaa mdomoni njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamejiandikisha wapya kumi na wawili. Mwenye kinu ananiita "Mwalimu Mkuu".

Alhamisi, 14 Agosti

Kelaskar amepanda ngazi zangu mwenyewe, akihema, unga kwenye viatu.

"Sumedha binti yangu, tusahau. Rudi. Jina lako litarudi mlangoni. Kwa herufi kubwa, ukitaka."

"Mashine haihitaji jina, Mwalimu."

Alikung'uta unga viatuni, akageuka. Nilimsikiliza akishuka ngazi moja moja. Nikajimiminia chai.

Lakini nina kitu kinaniwasha. Ninalo kosa la Tanmay mfukoni, kosa la mtoto wa shule, alilolitamka kwenye kipaza sauti. Silaha bora kuliko zote nilizowahi kuzitamani. Na siwezi kuitumia, kwa sababu imefungwa pamoja na ngao ya Bhalu. Namcheka Tanmay peke yangu, na kucheka peke yako kunachosha.

Jumanne, 19 Agosti

Mto umevuka kimo cha hatari. Darasa limefungwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Bhalu amekuja kabla ya wenzake. Hakuwasha jiko la chai.

"Mwalimu, lile swali la Raghu na Sopan. Mafuriko yalinifungia kwenye duka la maziwa, nikawa sina kazi, nikalipiga mpaka mwisho. Raghu ni siku kumi. Yule mwingine ni hasi tatu. Nimejaribu kila namna, anakataa kuacha kuwa hasi."

Nilikuwa nafuta ubao. Niliendelea kufuta.

"Kwa hiyo ya kwanza inatosha yenyewe," akasema. "Yule dada alikuwa sahihi."

"Ndiyo."

"Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Angeniamini, ndiyo maana sikuweza. "Kabla Tanmay hajamaliza kusoma."

Chini mashine ikawashwa, ubao ukaanza kutetemeka.

"Mama yangu ameiweka ngao pale tunapoweka miungu," akasema. "Anaiwashia ubani."

Akachukua sufuria yake na kuondoka.

Alhamisi, 28 Agosti

Jana, kwa sikukuu yake, sanamu za mungu Ganesh zimeingizwa majumbani, mji wote ngoma. Sikupika vitamu. Mama amepika.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeyasikia kwanza kwa muuza bhadang, ambaye ameyaona kwenye simu ya mpwa wake. Kisha Bhalu mwenyewe akaja.

Alikwenda kwa Kelaskar darasa likiwa limejaa. Akabisha, akavua viatu, akaomba chaki. Tanmay akamwambia atoke. Bhalu akasema atatoka akimaliza, akaandika mlinganyo wote ubaoni kwa ule mwandiko wake mkubwa, mpaka kumi, mpaka hasi tatu. Kisha akamgeukia Tanmay, akamuuliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, huyu wa siku hasi tatu, unamlipa, au yeye ndiye anakulipa?"

Wanafunzi walirekodi kwa simu. Sasa mji mzima unaulizana hivyo. Wazazi wameanza kupiga simu, na inasemekana Tanmay amerudi Mumbai "kwa mapumziko". Bhalu aliiweka ngao mezani mbele ya Revati, akavaa viatu.

Sitajifanya mtakatifu. Niliposikia lile la kumlipa mtu wa siku hasi tatu, nilifurahi mpaka nikashika ukuta. Ni yote niliyoyataka mwezi wa sita, na zaidi.

Kisha nikamuuliza, "Na mimi? Ulisema nini kuhusu mimi?"

"Nilisema mimi nilikosa na Mwalimu Tanmay alikosa."

"Hukunitaja?"

"Nilikuwa nataja waliokosa swali," akasema Bhalu. "Wewe hukulikosa, Mwalimu."

Ijumaa, 12 Septemba

Revati alikuja kinuni na debe la mtama wa kwao. Tukakutana chini ya ngazi, yeye akingoja zamu yake, unga umemjaa kwenye kope.

"Habari za siku, Mwalimu."

"Nzuri. Hosteli?"

"Nimetoka. Nimerudi nyumbani. Nasoma kwa jirani, wana varanda." Akasogeza debe kwa mguu. "Siku ile ukumbini nilidhani hukulisikia vizuri swali. Feni ile, kelele. Nilijiambia hivyo wiki nzima."

"Nilisikia."

"Ndiyo. Bhalu hakusema, lakini nilimwona alivyokuwa anakwepa."

Nilitaka kumwambia arudi, bila ada, kiti chake kipo. Nilitaka pia kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeanza. Yote mawili yalikuja mdomoni pamoja na yakazibana. Mwenye kinu akaita zamu yake, akabeba debe, akaingia kwenye vumbi jeupe.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua imekoma, anga limeoshwa. Mtihani ni mwishoni mwa Novemba. Darasa limejaa, wengine wanakaa kwenye ngazi. Bhalu amerudi kwenye kiti chake na chai yake, haongei zaidi ya inavyohitajika.

Leo niliandika swali la mafundi watatu wanaojenga ukuta. Nikasoma taarifa zote mbili, nikauliza, nikangoja, mwisho nikatoa jibu mwenyewe: ya pili peke yake.

Zamani wangeandika na kugeuza ukurasa. Leo Bhalu aliinama akaanza kulihesabu kwanza. Aliyekaa karibu naye akamwona, akainama naye. Kisha wa nyuma yao. Kisha wale wa kwenye ngazi.

Darasa zima likahesabu kuona kama nimesema kweli. Nikasimama mbele yao, chaki mkononi, nikingoja wamalize.